Siku Moja Ndani ya Ukuta wa Ahmedabad

Wasafiri wengi wa Afrika Mashariki wanaofika India hawaendi kutalii. Huenda kumsindikiza mgonjwa, kusoma chuoni au kufuata bidhaa, na katikati ya shughuli hizo hujikuta wamebakiwa na siku moja isiyo na miadi ya daktari wala ya mfanyabiashara. Swali linaloulizwa mara kwa mara na watu wa namna hiyo ni jepesi kulitamka: je, siku moja yatosha kuuona mji wa kale wa India, na kama yatosha, ianzie wapi na iishie wapi? Sura hii inalijibu kwa mji mmoja tu, Ahmedabad, ulio mkubwa kuliko yote katika jimbo la Gujarat, magharibi mwa India, kwa kuwa uhusiano wake na Afrika ni wa karne nyingi na kwa kuwa utaratibu wa kuutembelea kwa miguu nyuma ya kiongozi umekuwapo huko tangu 1997.

Jibu lenyewe ni kwamba siku moja yatosha, ilimradi mgeni asiimalize kwa kurushwa na bajaji kutoka msikiti hadi hekalu na kutoka hekalu hadi ngome. Majengo makubwa ya Ahmedabad ni mazuri na sura hii itayapitia, lakini kilicho adimu katika mji huu ni mitaa yake ya makazi, na mitaa hiyo haionekani kutoka barabarani.

Jengo kuorodheshwa ni jambo moja, mji mzima ni jingine

Mwezi Julai 2017 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia elimu, sayansi na utamaduni, liliuingiza mji wa kale wa Ahmedabad katika orodha ya Urithi wa Dunia, yaani orodha ya mahali ambapo thamani yake inahesabiwa kuwa ni ya binadamu wote. Ulikuwa mji wa kwanza wa India kupewa hadhi hiyo, na jambo hilo liliwashangaza wengi waliodhani kwamba Delhi au Agra ingetangulia. Agra ina Taj Mahal, na Delhi ina Ngome Nyekundu na kaburi la Humayun, ambayo yote yamo katika orodha, lakini yameingia kama majengo, kila moja na uzio wake na tiketi yake. Ahmedabad iliingia kama mji, pamoja na maduka yake, nyumba zake na watu wanaoishi humo, na Jaipur ikafuata miaka miwili baadaye.

Mji huu ulianzishwa mwaka 1411 na Sultani Ahmad Shah wa Kwanza kwenye ukingo wa mashariki wa mto Sabarmati, ukawa makao makuu ya usultani wa Gujarat, dola ya Kiislamu iliyotawala eneo hilo hadi ilipomezwa na dola ya Wamughali chini ya mfalme Akbar katika miaka ya 1572 na 1573. Mwishoni mwa karne ya 15 mjukuu wa mwanzilishi, Mahmud Begada, aliuzungushia ukuta wenye milango mingi, na ingawa sehemu kubwa ya ukuta huo imekwisha kubomolewa, milango kadhaa imesalia na bado watu huitumia kuelekezana njia. Utajiri wa kuujenga mji ulitokana kwa kiasi kikubwa na nguo. Vitambaa vya pamba vya Gujarat vilipakiwa Khambhat, bandari iliyokuwa karibu, vikavushwa bahari hadi Malindi, Mombasa na Kilwa, na vyombo vikarudi na pembe za ndovu na dhahabu. Wareno walipofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498 waliikuta biashara hiyo imekwisha kuwa kongwe.

Saa mbili asubuhi: hekalu la Kalupur

Matembezi yanayoandaliwa na Halmashauri ya Jiji huanza saa mbili asubuhi kwenye hekalu la Swaminarayan mtaani Kalupur na kumalizika kwenye Msikiti wa Ijumaa yapata saa nne na nusu. Saa hiyo imechaguliwa kwa sababu nzuri. Jua la Gujarat halina huruma, kwani mwezi Mei joto hupita nyuzi 40, na tena maduka ya mji wa kale hufunguliwa kwa kuchelewa, kwa hiyo asubuhi ndiyo saa pekee ambayo vichochoro vina nafasi ya mtu kusimama na kuinua macho.

Hekalu lenyewe lilifunguliwa mwaka 1822 na ndilo la kwanza la madhehebu ya Swaminarayan, tawi la dini ya Kihindu lililoanzishwa na mhubiri wa jina hilo aliyefanya kazi Gujarat mwanzoni mwa karne ya 19. Nguzo na mihimili yake ni ya msaji kutoka Burma, na karibu kila mahali pamechongwa na kupakwa rangi kali za nyekundu, kijani na manjano. Msomaji wa Nairobi au Mombasa huenda tayari anayafahamu mahekalu ya Swaminarayan yaliyomo katika miji hiyo. Yalijengwa na familia zilizohamia Afrika Mashariki kutoka Gujarat na kutoka Kutch, nchi kame iliyo kaskazini-magharibi mwa jimbo hilo hilo, na mizizi ya madhehebu yao inarudi hadi kwenye ua huu.

Viatu huvuliwa mlangoni. Sanamu hazipigwi picha bila ruhusa, na kwa kuwa wanawake wana sehemu yao ya ibada, msafara wenye wanaume na wanawake husubiriana uani.

Pol: mtaa wenye mlango

Ukivuka barabara kutoka hekaluni na kupita chini ya lango la mbao lisilovutia sana, unakuwa umeingia katika pol ya kwanza. Pol ni mtaa mdogo wa makazi wenye lango moja au mawili, kichochoro kikuu kinachojipindapinda na vichochoro vingine vinavyotoka humo, vingi vyavyo vikiishia ukutani. Katika mji wa kale mitaa ya aina hiyo ni mamia. Zamani wakazi wa pol moja waliunganishwa na dini, tabaka au kazi, lango lilifungwa usiku, na mlinzi alilala katika chumba kidogo kilichojengwa juu yake. Kamati ya wazee ilitunza mali ya pamoja, yaani lango, kisima na hekalu, na haikuwa rahisi mtu kumuuzia mgeni nyumba bila majirani kusikilizwa.

Mpango huu wa mitaa ulikuwa wa ulinzi kabla haujawa wa uzuri. Mji ulipita katika vita vya Wamughali na Wamaratha, watu wa kutoka magharibi na kati ya India walioitawala Gujarat katika karne ya 18, na ukapita pia katika ghasia za wenyewe kwa wenyewe. Adui aliyeingia katika kichochoro asichokijua alijikuta mbele ya ukuta, huku wenyeji wakitoroka kwa njia za siri zilizounganisha nyumba na nyumba au pol na pol, na mojawapo ya mambo yanayowafurahisha wageni ni kiongozi kusukuma mlango unaodhaniwa kuwa wa chumba cha mtu na kuwatoa mtaa wa pili. Ni haki kusema pia kwamba lango lililowalinda watu wa ndani liliwatenga na wa nje, na kwamba utengano wa kidini katika makazi ya Ahmedabad ni jeraha lisilopona mpaka leo. Kiongozi anayeusifia mtaa bila kulitaja hilo anawanyima wageni wake nusu ya historia.

Nyumba za pol ni nyembamba kwa mbele na ndefu kwa nyuma, nazo hugawanyika kwa mpangilio ambao ukishajulikana katika nyumba moja hutambulika katika zote:

- Otlo ni baraza iliyoinuliwa mbele ya mlango, ambapo mboga huchambuliwa, magazeti husomwa na majirani huulizana habari.
- Khadki ni chumba cha kwanza, ambapo mgeni asiye wa familia hupokelewa na ambapo mara nyingi safari yake huishia.
- Chowk ni ua wa ndani usio na paa. Hapo ndipo panapoingia mwanga na hewa, na ndipo shughuli nyingi za nyumba zinapofanyika.
- Ordo ni chumba cha ndani kabisa, chenye giza na ubaridi, kilichokuwa cha kulala na kuhifadhia vitu vya thamani.

Mzee wa Lamu au wa Mji Mkongwe wa Unguja angeingia katika nyumba hiyo na kujua mara moja akae wapi. Kufanana huko hakukutokea hivi hivi, kwani watu wa pande mbili za bahari walikabiliana na joto moja, na mafundi na wafanyabiashara wa Kigujarati walisafiri na mitindo yao, kiasi kwamba milango ya Kihindi iliyosalia Unguja, yenye vibao vya mraba na njumu za shaba, huhesabiwa kuwa aina yake peke yake.

Kinachostahili kutazamwa kwa karibu zaidi ni mbao. Ukutani kuna kiunzi cha mbao kilichojazwa matofali na chokaa, na kila mahali ghorofa ya juu inapochomoza juu ya kichochoro hubebwa na vihimili vya mbao vilivyochongwa kasuku, maua, tembo au mchezaji ngoma mwenye kiuno kilichopinda. Kiunzi hicho si pambo tu. Mbao hukubali kutikisika na kurudi mahali pake, na tetemeko kubwa la ardhi lilipoipiga Gujarat tarehe 26 Januari 2001, baadhi ya maghorofa mapya ya zege katika Ahmedabad yaliporomoka na kuua watu, ilhali nyumba nyingi za kale za pol zilibaki zimesimama.

Katika uwanja mdogo wa kila pol kubwa huonekana pia chabutro, nguzo ndefu inayobeba kijumba cha mbao au jiwe chenye matundu pande zote. Ni mahali pa kuwalisha ndege. Wenye nyumba hupanda kila siku na nafaka, na hua, kasuku na kindi hushindana kuzifikia. Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India inayokataza kudhuru kiumbe chochote chenye uhai, walikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa mji huu, na desturi hiyo imekuwa ya mji mzima bila kujali dini.

Maji ya mvua chini ya sakafu

Wageni wengi hupita juu ya tanka bila kujua. Tanka ni birika la chini ya ardhi, lililochimbwa chini ya ua wa nyumba na kupigwa lipu ya chokaa, ambalo huingiza maji ya mvua kutoka juu ya paa kwa bomba lililofichwa ukutani. Katika Gujarat mvua hunyesha kati ya Juni na Septemba, na miezi inayobaki ni mikavu, kwa hiyo familia iliyotaka maji matamu ilikuwa na nafasi moja tu kwa mwaka ya kuyapata. Mvua za kwanza ziliachwa zipite zisafishe paa na bomba, kisha maji yaliyofuata yakaelekezwa birikani, ambamo mwanga wa jua haukuingia na kwa hiyo ukungu wa kijani haukuota. Maji ya msimu mmoja, maelfu ya lita, yalinywewa mpaka msimu uliofuata. Mdomo wa birika umefunikwa kwa kifuniko cha shaba kipana kiasi cha kupitisha ndoo, na katika nyumba chache ambazo wenyewe wameifufua desturi hii mgeni huonjeshwa maji hayo.

Kwa ufupi, pol ni mtaa uliopangwa kwa mahitaji matatu: kujilinda na adui, kupunguza joto na kuweka maji. Uzuri wa michongo umejengwa juu ya mahitaji hayo, na anayeyaelewa hahitaji tena kuelezwa kwa nini kichochoro ni chembamba kiasi kwamba jua halifiki chini.

Manek Chowk na makaburi ya watawala

Msafara hutokea Manek Chowk, uwanja wa soko ulioko katikati kabisa ya mji wa kale. Umepewa jina la Maneknath, mtakatifu wa Kihindu ambaye hekaya husema alikuwa akisuka mkeka mchana wakati kuta za Ahmad Shah zinapojengwa, na usiku akiufumua, na kila alipoufumua kuta zikaanguka, mpaka sultani alipopatana naye. Hekaya ni hekaya, lakini inaeleza jambo ambalo wenyeji waliliona la kweli: kwamba mtawala mpya hakuweza kujenga bila kibali cha waliomtangulia mahali hapo.

Soko hili hubadilika mara tatu kwa siku. Asubuhi ni la mboga na majani ya ng'ombe, mchana ni la dhahabu na fedha, na usiku maduka ya sonara yanapofungwa, meza za chakula hutandazwa mbele yake. Katika vichochoro vya masonara wapo watu ambao kazi yao ni kufagia vumbi la sakafu za karakana na kulichekecha ili kupata chembe za dhahabu zilizoanguka. Katika pirikapirika za soko hilo hilo kuna makaburi ya Ahmad Shah na ya wake wa watawala, na kuta za kaburi la malkia zimezungukwa na wauzaji wa nguo na vito hadi hazionekani. Wanawake hawaruhusiwi kuingia katika chumba cha kaburi la sultani, jambo ambalo msafara wenye wanawake unafaa kuelezwa mapema badala ya kukutana nalo mlangoni.

Msikiti wa Ijumaa

Jama Masjid, yaani msikiti mkuu wa sala ya Ijumaa, ulikamilika mwaka 1424. Ua wake ni mpana kiasi kwamba anayetoka sokoni huhisi kama ametolewa nje ya mji, na katikati kuna birika la kutawadhia. Ukumbi wa sala umejengwa kwa jiwe la mchanga la rangi ya manjano na kubebwa na nguzo 260, zilizopangwa karibu karibu, huku kuba 15 zikiwa juu yake. Nguzo hizo zina michongo ya yungiyungi na ya kengele zilizoning'inia kwa minyororo, mapambo yanayojulikana katika mahekalu ya Kihindu na ya Kijaini, kwa kuwa mafundi walioujenga msikiti walikuwa wana wa mafundi waliojenga mahekalu. Waliombwa jengo la aina mpya, wakalijenga kwa mikono iliyozoea kazi ya zamani. Mtindo uliozaliwa hapo ndio unaoitambulisha Gujarat hadi leo.

Minara yake miwili mirefu ilianguka katika tetemeko la ardhi la 1819, na zilizobaki ni sehemu zake za chini tu, zenye michongo iliyojaa kila upande. Mwislamu anaweza kusali hapa kama mwenyeji yeyote, na asiye Mwislamu hukaribishwa nje ya nyakati za sala.

Milango Mitatu

Mwendo mfupi kuelekea magharibi lipo Teen Darwaza, lango la matao matatu lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 15, ambalo sultani alilipita akitoka ngomeni kwenda kusali. Leo pikipiki, mikokoteni na wauzaji wa viatu hupita chini yake bila kutazama juu. Kuna mambo mawili yanayofaa mtu asimame kuyatazama hapo. La kwanza ni kidaka kidogo ukutani chenye taa ambayo familia moja ya Kiislamu imeiwasha kizazi baada ya kizazi, kwa ajili ya hekaya ya Lakshmi, mungu wa kike wa neema kwa Wahindu. Lakshmi alitaka kuuhama mji usiku, mlinzi wa lango akamwomba asubiri mpaka apate ruhusa ya sultani, kisha akautoa uhai wake ili asirudi kamwe na mungu huyo asiondoke.

La pili ni jiwe lenye maandishi la mwaka 1812, wakati wa utawala wa Wamaratha, linaloamuru kwamba binti apewe fungu lake katika mali ya baba yake, na kwamba atakayekiuka amri hiyo atajibu, akiwa Mhindu, mbele ya mungu wake Mahadev, na akiwa Mwislamu, mbele ya Mwenyezi Mungu na Mtume. Amri ya mirathi iliyotundikwa kwenye lango la soko, mahali ambapo hakuna ambaye angeweza kusema hakuiona, ni urithi mkubwa kuliko tao lililoibeba, na ni bahati mbaya kwamba wageni wengi hupitishwa hapo bila kuonyeshwa.

Mbele kidogo ni Bhadra, ngome iliyojengwa mwaka ule ule mji ulipoanzishwa, ambayo uwanja wake umefungwa kwa magari na kuachiwa waendao kwa miguu. Inatosha kuipita polepole na kuendelea.

Msikiti wa Sidi Saiyyed

Asiye na nafasi ya kuona zaidi ya jengo moja na aende kwenye msikiti wa Sidi Saiyyed, ulio hatua chache kutoka Bhadra, katikati ya mzunguko wa barabara wenye kelele nyingi. Ulijengwa katika miaka ya 1572 na 1573, wakati ule ule usultani wa Gujarat ulipokuwa ukianguka mikononi mwa Akbar, na aliyeujenga alikuwa Mwafrika.

Sidi ni jina wanaloitwa katika magharibi ya India watu wenye asili ya Afrika. Wengi wa karne hizo walitoka Uhabeshi na Pembe ya Afrika, walivushwa bahari wakiwa watumwa, wakanunuliwa na masultani na makamanda kwa ajili ya jeshi, na humo, tofauti na ilivyokuwa kwa watumwa wa mashamba ya Marekani, mtu mwenye uwezo aliweza kupanda hadi kuwa kamanda, mmiliki wa ardhi na mfadhili wa misikiti. Sidi Saiyyed alikuwa katika msafara wa Bilal Jhajhar Khan, kamanda Mhabeshi wa jeshi la Muzaffar Shah wa Tatu, sultani wa mwisho. Hakuwa mfalme wala mwana wa mfalme, na msikiti wake ni mdogo, lakini ndio uliotoa alama inayowakilisha mji mzima.

Alama hiyo imo dirishani. Msikiti una madirisha ya nusu duara yaliyojazwa jali, yaani jiwe lililotobolewa mpaka likawa kama kimia, likapitisha upepo na kuchuja jua. Mengi yana maumbo ya mistari na nyota, lakini mawili ya ukuta wa nyuma yana miti. Katika dirisha mashuhuri zaidi shina linapanda kutoka chini, linagawanyika na matawi yake yanajipinda na kupishana mpaka kujaza nusu duara yote, kila tawi likibeba majani na maua, na kando yake mnazi au mtende umesimama wima katikati ya mafundo hayo. Ukitazama kwa makini utaona kwamba hakuna tawi linaloishia hewani. Kila kipande lazima kishikane na kingine, kwa sababu kilichoachwa peke yake kingevunjika, kwa hiyo mchoro wote ni hesabu ya uzito iliyofichwa ndani ya umbo la mti. Alasiri, jua likiwa upande wa magharibi, mti huo huchorwa kwa mwanga kwenye sakafu ya ndani, na hiyo ndiyo saa ifaayo kuja au kurudi. Taasisi ya Usimamizi ya India iliyoko Ahmedabad imelichukua dirisha hili kuwa nembo yake.

Jina la Sidi mwingine, Bashir, limeambatanishwa na minara miwili karibu na kituo cha reli cha Kalupur. Mnara mmoja ukitikiswa, baada ya sekunde chache wa pili hutikisika, ilhali daraja linaloiunganisha hutulia. Msikiti wake uliharibiwa katika vita vya karne ya 18, ikabaki minara na lango.

Alasiri na jioni

Chakula cha mchana cha Kigujarati huletwa kwenye sinia lenye vibakuli vingi, karibu siku zote bila nyama, na mhudumu huongeza mpaka mlaji afunike sahani kwa mkono. Pombe imepigwa marufuku katika jimbo hili.

Baada ya hapo bajaji inahitajika. Kisima cha ngazi cha Dada Harir, kaskazini-mashariki ya ukuta, kilijengwa mwaka 1499 na Bai Harir, mwanamke mwenye cheo katika nyumba ya kifalme ya Mahmud Begada. Kisima cha ngazi ni jengo linaloshuka badala ya kupanda: kwa kuwa maji ya ardhini hupanda wakati wa mvua na kuzama wakati wa kiangazi, ngazi huyafuata popote yalipo, na hapa zinashuka ghorofa tano, kati ya nguzo na mabaraza ambamo wasafiri na wanawake wachota maji walipumzika katika ubaridi. Maandishi ya kisima yako kwa Kisanskriti na kwa Kiarabu, na kwa kuwa mahali hapa hapana wageni wengi, mtu huweza kukaa muda anaoutaka. Hekalu la Kijaini la Hutheesing, nje kidogo ya Lango la Delhi, ni la marumaru nyeupe, na lilikamilishwa mwaka 1848 na Harkunvar, mjane wa mfanyabiashara aliyeliagiza, ambaye aliisimamia kazi hiyo baada ya mumewe kufariki.

Mwisho wa alasiri ni wa Ashramu ya Sabarmati, ng'ambo ya mto. Ashramu ni makazi ya watu wanaoishi pamoja kwa kanuni za kiroho, na hii ilikuwa ya Mahatma Gandhi tangu 1917, miaka miwili baada ya kurudi kutoka Afrika Kusini. Aliichagua Ahmedabad kwa kuwa ulikuwa mji wa kale wa wafumaji kwa mkono, wakati ambapo viwanda vya nguo, cha kwanza kikiwa kimeanza kazi mwaka 1861, vilikuwa vikiwamaliza wafumaji hao. Kutoka hapa, tarehe 12 Machi 1930, aliondoka kwa miguu na wenzake 78 kuelekea pwani ya Dandi, kuvunja sheria iliyowapa Waingereza peke yao haki ya chumvi. Nyumba yake ina veranda, chumba cha kazi na vitu vichache sana, na jumba la makumbusho lililobuniwa na msanifu majengo Charles Correa mwaka 1963, lenye vibanda vya matofali na paa za vigae, limeifuata hali hiyo. Ni vyema kufika kabla ya saa kumi na moja.

Hatari iliyo juu ya nyumba za mbao

Anayerudi usiku Manek Chowk kula ataona, juu ya taa za wauzaji, ghorofa nyingi zenye giza. Familia zenye uwezo zimehamia ng'ambo ya magharibi ya mto, penye maegesho ya magari na lifti. Nyumba moja ya kale inaweza kuwa na warithi wengi waliotawanyika, ambao hakuna kati yao anayetaka kulipia fundi mchongaji, na mfanyabiashara anayetafuta ghala yuko tayari kulipa kodi leo. Vihimili vilivyochongwa hung'olewa na kuuzwa kwa wakusanyaji wa vitu vya kale. Halmashauri imeweka njia mojawapo ya kuwasaidia wenye nyumba: anayeacha kujenga ghorofa juu ya nyumba ya urithi huruhusiwa kuiuza haki hiyo ya kujenga kwa mkandarasi wa sehemu nyingine ya jiji, ili fedha zirudi kukarabati nyumba. Wengine wamegeuza nyumba zao kuwa za kulaza wageni. Njia hizo ni nzuri, lakini zinamfaa zaidi mwenye hati safi, na nyumba zilizo katika hatari kubwa ndizo ambazo hati zake zina ugomvi.

Mgeni anayeweza kuchagua miezi na aje kati ya Novemba na Februari. Mwenye nusu siku ya ziada atalazimika kuchagua kati ya kisima cha ngazi cha Adalaj, kaskazini ya mji, kilicho kikubwa na mashuhuri kuliko cha Dada Harir, na Sarkhej, kusini-magharibi, ambako kaburi la Sheikh Ahmad Khattu, mshauri wa kiroho wa mwanzilishi wa mji, limezungukwa na msikiti, majumba ya kifalme na bwawa kubwa lenye ngazi za mawe. Aliyekwisha kushuka Dada Harir ameelewa kisima cha ngazi ni nini, kwa hiyo Sarkhej itamfaa zaidi.